Pine ya Cubaka Iliyolala Ndani ya Kufuli

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Kamembe, Wilaya ya Rusizi

Jina: Munyaneza Shabani. Umri: miaka 54. Kazi: kwado, yaani fundi wa kuziba pine, yaani matairi. Makazi: Kamembe.

Mnamo Jumanne tarehe 9 Juni 2009, saa moja asubuhi, dereva wa teksi Cubaka aliniletea gurudumu lake la mbele, la kushoto. Ilikuwa mara ya tatu. Jioni analiacha likiwa zima, asubuhi analikuta limelala, halina upepo. Nililizungusha ndani ya beseni la maji, sikuona povu hata moja. Nikamwambia, "Hii pine haina tundu. Kuna muntu anakutolea upepo." Nilisema hivyo kwa sababu nilichoka kushindwa, nami nina miaka thelathini kwenye kazi hii.

Cubaka hakuuliza ni nani. Analaza gari mbele ya mlango wa Muhigirwa, fundi wa mbabula, yale majiko ya makaa, na tangu Pasaka hawasalimiani kwa kuwa gari linauziba mlango huo. Alikuja hapa kwenu na neno langu, na mchana wa siku hiyo Muhigirwa alikamatwa.

Mnamo tarehe 10, saa sita mchana, mke wake Odette alipita kwangu akitoka hapa kumletea chakula. Hakuja na ugomvi. Alisema, "Papa Munyaneza, banasema wewe ndiye uliona. Uliona nini?" Niliona beseni, basi.

Nikataka kujua. Saa kumi na moja jioni nilimwomba Cubaka aniachie gurudumu, atembelee lile la akiba. Nikalijaza upepo, nikalifungia kibandani kwangu kwa kufuli, ufunguo nikalala nao. Leo tarehe 11, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilifungua nikakuta limelala. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona haya. Muhigirwa alikuwa kwenu, ndani.

Beseni langu ni dogo, valvu haifiki majini. Kila kwado anajua kuipima kwa mate, ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Mimi niliiruka. Ile valvu niliiweka mwenyewe mwezi wa nne, ikiwa mpya, sikuwaza kuishuku. Leo nikaipaka mate kwa kidole, nikachutama nikingoja. Povu likavimba polepole, likapasuka. Likaja jingine.

Nimelileta gurudumu bila kulitengeneza, mtu asije akasema nimebuni. Muhigirwa hakugusa kitu. Lililomfunga ni neno langu.

Nimesomewa niliyoyasema. Ni yangu yote, sipunguzi kitu.

Sahihi: Munyaneza Shabani

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Inspekta Nyirabagenzi, saa tatu na dakika kumi asubuhi. Nimetia mate kwenye valvu mwenyewe, povu limetoka. Naongeza baadaye: Muhigirwa ameachiliwa saa nne kamili. Hakuondoka, aliomba naye aone. Alichutama mbele ya gurudumu, akatazama povu likivimba na kupasuka, kisha akamwambia shahidi, "Sasa ziba." Shahidi amebadilisha valvu mbele yetu. Muhigirwa ndiye aliyetia mate mara ya mwisho. Povu halikutoka.