Herufi Alizokariri Baba

Saa moja na robo asubuhi. Nilimwambia Baba twende akapimwe macho. Akayafumba, akanitajia herufi zote za ubao wa daktari.

Mama, ukirudi kutoka misa, ongeza maji kwenye maharage.

Kule kiwandani Shituru, Baba na waendesha kreni wenzake walikariri ubao huo wasiondolewe kazini. Amestaafu miaka minne, bado anadanganya!

“Miye naona muzuri. Weye unataka nini?” akasema, huku bega likigonga mlango.

~~Mwache apofuke.~~ Hapana. Ugonjwa uliompofusha kaka yake Séraphin hauumi wala haujulikani kwa herufi. Hupimwa presha ndani ya jicho. Nilipomtaja Séraphin, Baba alikwenda kuchukua kofia yake. Ameshaivaa, amenishika mkono, tunaondoka.

Binti yako mkubwa,
Adrienne