Mwimbaji Amekataa Kusimama Katikati

Shikamoo Mshauri. Naomba unisaidie, na naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mama aliyenizaa: sikio langu la kushoto halisikii. Si kwamba linasikia kidogo, halisikii kabisa, nadhani tangu nilipougua nikiwa mdogo, na darasani huwa nakaa upande wa kushoto ili sikio zima limwelekee mwalimu, na nikiitwa kutoka upande mbovu nisipoitika wenzangu husema naringa, nami nimewaacha waseme, maana bora nionekane naringa kuliko kuonewa huruma.

Sasa spika ndizo zimeniponza. Baba ni fundi wa friji na anapenda muziki kupita kiasi, akanunua spika mbili za maana, ndefu kunikaribia mimi, nami ndiye niliyemtafsiria kijitabu chake kwa sababu nyumbani mwenye Kiingereza ni mimi, na kilisema spika zikiwa bora, ukikaa sawasawa mbele yake, utamsikia mwimbaji amesimama katikati, pale pasipo na spika. Laiti ningeuruka huo mstari. Baba akaweka kiti katikati ya sebule, akasema masikio yake yamechoshwa na mashine za kazini ila yangu bado mapya, akaniketisha, akafungulia muziki, akaniuliza mwimbaji yuko wapi. Nikasema yuko kulia. Akasogeza spika, akasogeza kiti, akamsogeza na paka, akauliza tena. Kulia.

Akazirudisha dukani. Muuzaji akamwambia ya bei ndogo ndiyo hayo, sanduku jepesi hutetemeka likachafua sauti, lakini zile ghali zina mbao nzito na sumaku kubwa, na kiwandani hupimwa mbili mbili mpaka zilingane kama mapacha. Baba akaongeza pesa, akaja na nyingine. Kulia. Akaongeza tena, akaja na hizi za tatu zilizobebwa na watu wanne, na mama akauliza kama humo ndani wamemfungia muuzaji mwenyewe. Safari hiyo nilichoka, nikasema mwimbaji yuko katikati, kumbe baba alikuwa ameizima ya kushoto makusudi anipime, akaniambia nisimwonee huruma, niseme ukweli.

Sasa anataka za nne, na anataka kuuza cherehani ya umeme ambayo mama anashonea sare za shule, ati atamnunulia nyingine baadaye. Mama akamwambia, "Niuze na mimi basi, kwa kilo." Kisha akanigeukia, akaniuliza hiyo ya kushoto ina kasoro gani hasa. Mshauri, nikisema, baba atajua masikio anayoyaamini ndiyo yaliyomharibia pesa, na hataniita tena kukaa naye, na hiyo ndiyo saa pekee anayozungumza na mimi.

Nasikia nyayo zake zinakuja. Siku zote huifunika karatasi hii kwa daftari la hesabu. Leo basi, nimechoka, naiacha wazi hapa mezani.

Binti wa Fundi

*(Chini ya barua hii kuna mwandiko mwingine: "Mshauri, nimesoma. Jumatatu tunakwenda kwa daktari. Nieleze tu, zile za kwanza zilikuwa na kosa gani? Baba yake.")*

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Nilikuhurumia mpaka katikati ya barua, kuanzia hapo nikakukasirikia. Umemwacha baba yako azunguke na masanduku mji mzima kwa sababu unaona haya? Sikio si tabia mbaya. Nenda kwa daktari, kisha mweleze mwalimu wako, na hao wanaosema unaringa waambie wahamie upande wako mzima. Na hiyo saa ya kukaa na baba usiihofie: mtu aliyesoma barua yako akataja daktari kabla ya spika hajakuchoka.

Na wewe, fundi. Muuzaji hakusema uongo: mbao nzito, sumaku kubwa na kupimwa mbili mbili ni gharama kweli, na kwa kuwa wanunuzi ni wachache, kila mmoja hubebeshwa mzigo mkubwa. Juu yake kuna rangi ya kung'aa na kodi ya duka lenye zulia. Lakini friji ya mteja isipogandisha, unamnunulisha nyingine au unaangalia kwanza kama imechomekwa? Ungezihamisha spika, ya kushoto ikae kulia na ya kulia kushoto, mtoto angesema kulia vilevile, ukajua siku ya kwanza kwamba shida haiko kwenye sanduku.

Zile za kwanza hazikuwa na kosa lolote. Zirudishe hizi za watu wanne, uzichukue zile, na pesa itakayobaki iende kwa daktari. Cherehani isiguswe.

Sikuona mahali popote kwamba mama ameambiwa. Wateja wake wa sare wanasoma gazeti hili, kwa hiyo mwambieni leo, nyote wawili, kabla hajaambiwa na mtu aliyekuja kupima suruali.