Antivairasi ya Bure, ya Kulipia, na Wimbo wa Bibi Milembe

UMOJA WA KOMPYUTA KALANGALALA (UKOKA), GEITA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA JUMAPILI, TAREHE 15 JUNI 2025, SEBULENI KWA MAMA LIMI, KUANZIA SAA 9:00 ALASIRI

WALIOHUDHURIA
1. Bw. Akida Masudi – Mwenyekiti (ana kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye memori kadi, pia ni mshereheshaji)
2. Bi. Scolastika, yaani Mama Limi – Mjumbe na mwenyeji wa kikao
3. Mwl. Zakia Ahmad – Mjumbe (anafundisha kompyuta sekondari)
4. Mzee Maduhu – Mjumbe (kamanda mstaafu wa sungusungu)
5. Bi. Loveness Ayubu – Katibu

ASIYEHUDHURIA KWA TAARIFA
Bw. George – Mhazini. Alituma ujumbe kutoka machimboni Rwamgasa kwamba mawe yake ya dhahabu yako kwenye karasha yakisagwa, na mtu haachi mawe yake kwenye karasha akaenda kusikiliza habari za kompyuta.

WAALIKWA
Hakuna. Waliokuja bila kualikwa wametajwa kwenye KUMB. NA. 5.

KUMB. NA. 1/6/2025: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao kwa kuwashukuru wajumbe kwa kufika siku ya mapumziko. Alikumbusha kwamba UKOKA ilianza pale kaya zetu zilipochanga na kununua kwa pamoja kompyuta zilizokwisha kutumika ofisini, ili watoto wasome nyumbani na wakubwa wasibaki nyuma. Alisema kompyuta ni mali, na mali bila ulinzi ni chakula cha mwizi. Wajumbe waliafiki. Ilikuwa mara ya mwisho kwa wajumbe wote kuafiki jambo moja hadi KUMB. NA. 6.

KUMB. NA. 2/6/2025: KUPITISHA AJENDA

Mwenyekiti aliwasilisha ajenda moja tu: kununua antivairasi ya kulipia kwa kompyuta zote za umoja.

Mama Limi aliomba iongezwe ajenda ya wimbo wa marehemu mama yake. Mwenyekiti alieleza kwamba hilo ni suala la kifamilia na kikao hiki ni cha kitaalamu. Mama Limi alijibu kwamba kikao cha kitaalamu kimekalia makochi yake na kinakunywa chai yake. Ajenda iliongezwa.

KUMB. NA. 3/6/2025: KUPOTEA KWA WIMBO

Mama Limi alieleza kwamba mama yake, Bibi Milembe wa Tinde, alirekodiwa mwaka jana akiimba, kwa ajili ya mjukuu wake Limi ambaye hakuwepo, wimbo wa kumuaga binti anayeolewa. Bibi alifariki kabla posa haijaletwa. Sendofu ya Limi ni Jumamosi hii, tarehe 21. Wimbo ule ungepigwa ukumbini bila bibi harusi kujua, na Limi, ambaye Mama Limi alihakikisha yuko jikoni kabla ya kulisema hili, mpaka leo hana habari kwamba upo. Simu iliyorekodi iliibiwa mnadani. Wimbo ulibaki kwenye kompyuta ya nyumbani na kwenye flashi moja.

Jumatano flashi hiyo alipewa Mwenyekiti, ambaye ndiye mshereheshaji wa sendofu, auandae wimbo huo. Aliirudisha Alhamisi. Mama Limi alipoichomeka kwenye kompyuta yake, mafaili yote yaligeuka vialama vya mishale visivyofunguka. Alipotafuta kwenye kompyuta, hata folda la huko halikuwepo.

"Mama nimemzika mara moja," alisema. "Sitaki kumzika mara ya pili kwa sababu ya mdudu."

Katibu aliacha kuandika kwa muda, na anaomba radhi kwa pengo hilo.

KUMB. NA. 4/6/2025: BURE AU KULIPIA

Mwenyekiti alieleza kwamba chanzo cha msiba huu kiko wazi: Mama Limi anatumia antivairasi ya bure, ile iliyokuja na kompyuta. Alisema rahisi huvunja upishi, na kwamba yeye binafsi anatumia ya kulipia, aliyoinunua Mwanza kwa mtu mwaminifu aliyekuwa na diski zake mkononi. Aliongeza kwamba tangu aiweke hajawahi kuona onyo hata moja. Alilirudia jambo hili kwa fahari.

Mama Limi aliulizwa kama antivairasi yake ilikuwa inafanya kazi. Alikiri kwamba aliizima tangu wakati wa Pasaka, kwa sababu ilikuwa inamsumbua na vijidirisha vya kuomba ifanyiwe masasisho, naye bando lake la intaneti alikuwa analitunzia tamthilia. Mwenyekiti alisema, "Si mnaona?" Mama Limi alisema ameona, ila swali lake ni mdudu alitoka wapi, maana flashi ilitoka hapa ikiwa nzima.

Mwalimu Zakia aliomba wajumbe wapoe. Alieleza kwamba kazi kubwa, yaani kumtambua mdudu na kumkamata, ya bure inaifanya vizuri siku hizi. Ya kulipia halali inaongeza mambo yake: kulinda anayelipa na kununua mtandaoni, kuchuja watoto wanachofungua, kulinda vifaa vingi kwa pamoja, na kuwa na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Alisema swali la kujiuliza ni kompyuta yako inakutana na nani kwa siku, na je, antivairasi yako inasasishwa. Wadudu wapya huzaliwa kila siku. Asiyesasisha amempa mlinzi picha za wezi wa zamani.

Hapo Mzee Maduhu aliomba nafasi. Alieleza kwamba miaka yake yote ya sungusungu hajalipwa, na wezi wa ng'ombe waliijua kazi yake. Baadaye tajiri mmoja aliajiri mlinzi wa kampuni, mwenye buti na kofia, naye mlinzi yule aliibiwa buti akiwa amelala.

"Lakini msinielewe vibaya," alisema. "Sungusungu hailipwi, ila si ya bure. Zamu yako ikifika unatoka, iwe baridi, iwe mvua. Mama Limi, wewe ulimfungia sungusungu nje. Na wewe Akida, nataka nimuone huyo mlinzi wako anafananaje."

Mwenyekiti alisema hana cha kuficha. Ilikubaliwa yafanyike majaribio palepale.

KUMB. NA. 5/6/2025: MAJARIBIO, NA MWANO

Flashi ya Mama Limi ilichomekwa kwanza kwenye kompyuta mpakato ya Mwenyekiti. Wajumbe walisogea. Pembeni mwa kioo kulikuwa na alama ya kijani, nayo ilibaki kijani. Mwenyekiti alisema, "Kimya. Mnaona usalama huo?" akajipigia makofi.

Kisha flashi ilichomekwa kwenye kompyuta mpakato ya Mwalimu Zakia, yenye antivairasi ya bure iliyosasishwa asubuhi hiyo kwa bando la mwalimu mwenyewe. Kabla hajaondoa mkono, kioo kiliwaka nyekundu, kikalia, na maandishi yakatokea kwamba mdudu amekamatwa.

Mzee Maduhu aliruka kutoka kwenye kochi akapiga mwano.

Kwa atakayesoma kumbukumbu hizi akiwa mgeni wa mkoa huu: mwano ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, kila anayeusikia anatoka mbio na alichonacho, na asiyetoka anatozwa faini. Sauti ya Mzee Maduhu haijastaafu. Katibu anakiri kwamba naye alijikuta anapiga kelele na hajui alianza lini.

Majirani walifika. Walikuja na fimbo, mapanga mawili na mchi mmoja, na jirani wa nyuma alikuja na sabuni usoni, nusu ya ndevu zikiwa zimenyolewa. Limi mwenyewe alitokea jikoni na mwiko wenye ugali. Waliuliza mwizi yuko wapi. Mzee Maduhu alionyesha flashi. Jirani mwenye mchi aliuliza kama ameshauawa. Mwalimu Zakia alijibu kwamba amefungiwa tu, bado hajafutwa. Jirani aliomba amuone, akaonyeshwa jina lake kwenye kioo, akasema kwa jina hilo kweli ni mwizi.

Mwenyekiti aliagiza majirani watawanyike ili kikao kiendelee. Hakuna aliyetawanyika. Mtu alisema mwano ukishapigwa mtu harudi nyumbani bila kujua mwisho wake, na ndiyo desturi.

Mwalimu Zakia aliikagua kompyuta mpakato ya Mwenyekiti. Alieleza kwamba antivairasi yake ni nakala iliyochakachuliwa, haijasasishwa tangu siku ilipowekwa, na ile alama ya kijani itabaki kijani hata kompyuta ikiungua moto. Wadudu waliokutwa humo walikuwa wengi, na yule wa kwenye flashi alikuwa miongoni mwao.

KUMB. NA. 6/6/2025: MAELEZO YA MWENYEKITI NA MAAZIMIO

Mwalimu Zakia aliwasha antivairasi ya Mama Limi, akaisasisha, akaianzisha ipite faili kwa faili kumsafisha mdudu. Alisema mdudu wa aina hii mara nyingi hafuti vitu, huvificha, lakini hawezi kuahidi. Wakati mashine inahangaika, kikao kiliendelea, na macho ya Mama Limi hayakutoka kwenye kioo.

Mwenyekiti alieleza kwamba kompyuta ile ndiyo anayotumia kibandani. Wachimbaji wanaokwenda Rwamgasa humletea memori kadi awajazie nyimbo, na kila kadi huchomekwa humo. Alisema aliona mishale ya ajabu tangu wiki iliyopita.

Mama Limi alimuuliza, "Wiki iliyopita? Na flashi yangu ukaichomeka humo humo?"

Mwenyekiti alisema, "Ningesemaje, Mama Limi? Mimi ndiye ninayewahubiria ya kulipia. Niliona aibu."

Mzee Maduhu alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Aliongeza kwamba kwenye sungusungu anayemficha mwizi ndani kwake anapigwa mchenya, yaani faini, sawasawa na mwizi. Majirani waliitikia kwa sauti kubwa, ingawa hawakuwa na haki ya kupiga kura. Mwenyekiti alisimama, akamwomba Mama Limi msamaha mbele ya watu wote na mchi wao. Mama Limi alisema atamjibu mashine ikimaliza.

Iliazimiwa kama ifuatavyo, na safari hii kwa kauli moja:

Kompyuta za nyumbani zitumie antivairasi ya bure iliyokuja nazo, iwe imewashwa na inasasishwa. Kila Jumapili kaya moja, kwa zamu, itatoa bando, na wenye kompyuta mpakato watakwenda kusasishia hapo. Asiyefika kwenye zamu atahesabiwa kama aliyelala lindoni.

Kompyuta ya kibandani, kwa kuwa inapokea wageni wasiojulikana kutwa nzima, iwekewe ya kulipia iliyo halali, na Mwalimu Zakia asimamie ununuzi. Mwenyekiti alifurahi kusikia kwamba ya kulipia nayo ina mahali pake. Aliachiwa furaha hiyo.

Atakayeona dalili ya mdudu kwenye kompyuta yake apige mwano kwenye kundi la simu siku hiyo hiyo, bila aibu na bila kuchekwa.

Mchenya wa Mwenyekiti: atasherehesha sendofu ya Limi bure. Mwenyekiti alikumbusha kwamba kazi yake ina thamani. Mama Limi alikumbusha nani alisema cha bure hakina maana. Kicheko kilikuwa kirefu.

KUMB. NA. 7/6/2025: KUFUNGULIWA KWA WIMBO

Mashine ilimaliza. Mwalimu Zakia aliamuru vilivyofichwa vionekane. Folda lilitokea, hafifu kidogo, kisha likakolea. Lilikuwa limeandikwa MAMA. Katibu anaandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na kwa sababu nyingine.

Mama Limi alimtazama binti yake aliyesimama mlangoni na mwiko. Mwalimu Zakia aliuliza kama wasubiri hadi Jumamosi. Mama Limi alisema hasubiri tena kitu chochote, akabonyeza mwenyewe.

Sauti ya Bibi Milembe ilijaa sebuleni. Alikuwa anaimba Kisukuma, taratibu, akipiga kofi la kiganja kimoja juu ya kingine, na katikati ya wimbo alilitaja jina la Limi. Vigelegele vilianzia kwa jirani mwenye mchi. Watu waliweka fimbo chini wapate kupiga makofi. Mzee Maduhu alicheza. Jirani mwenye sabuni alicheza. Mwenyekiti alicheza akiwa karibu na ukuta, mpaka Mama Limi alipomvuta mkono akamleta katikati, na hilo lilichukuliwa kuwa jibu la msamaha. Kikao kilikosa utaratibu kabisa, na Katibu hana la kukiri zaidi ya kwamba kalamu alimpa mtu amshikie.

Wimbo ulipokwisha rekodi haikukatika. Bibi alikohoa kidogo. Kisha akauliza, "Limi ataisikia hii?"

Sauti ya Mama Limi, ya mwaka jana, ilijibu kwa mbali, "Ataisikia, mama."

"Haya. Wabeja," alishukuru bibi.

Limi alikuwa ameushika mwiko kwa mikono miwili.

"Nimesikia, bibi," alisema.

KUMB. NA. 8/6/2025: MENGINEYO

Hayakuwepo.

KUMB. NA. 9/6/2025: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliombwa afunge kikao. Alisimama, akakifunga kwa ishara ya mkono, bila hotuba. Wanaomjua kwa kazi yake ya kipaza sauti watajua uzito wa jambo hilo. Nakala za wimbo zilihifadhiwa kwenye kompyuta ya kila mjumbe aliyekuja nayo, isipokuwa ya Mwenyekiti ambayo bado haijasafishwa, zikiwa zimekaguliwa, na watu walitoka saa 12:10 jioni wakiwa na fimbo zao. Ugali wa Limi uliungua. Waliobaki waliula hivyo hivyo.

Tumezisoma, na ndivyo ilivyokuwa.

Sahihi: A. Masudi
MWENYEKITI (na mshereheshaji wa Jumamosi, bure)

Sahihi: Loveness Ayubu
KATIBU