Kopo la Mchele

Jumatano, 11 Juni
Neema kaoga, kanyonya, kalala. Ndo napumua. Mama Jeni, kiongozi wa wapishi wa kanisani, kanipa mimi nipike makaroni ya kipaimara Jumapili. Watu sitini, kilo sita. Yakienda vizuri naingia kwenye kundi lake. Nafasi ni moja. Naitaka sana. Mume wangu Elia yuko Kasansa kuvuna mpunga. Akirudi anikute mpishi.

Alhamisi, 12 Juni
Makaroni yameletwa kwenye gunia, ya kupima. Mzani sina. Nimeenda kwa wifi Dativa, dada yake Elia, mpishi wa siku nyingi. Kanipa kopo lake, lile la kilo ya mchele. Nikauliza, hata makaroni? Akacheka. "Wifi, kilo ni kilo. Makopo sita, umemaliza." Nampenda. Ndiye alinishika mkono nikimzaa Neema.

Jumamosi, 14 Juni
Nimepima makopo sita. Kwenye beseni yameonekana machache. Nilitaka kuongeza. Nikaacha. Dativa anajua kuliko mimi.

Jumapili, 15 Juni
Aibu. Makaroni yaliisha foleni ikiwa katikati. Watoto wa kipaimara wenyewe, mashati meupe, sahani tupu mkononi. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Kumbe leo tumeitwa kufunga?" Watu wakacheka. Mama Jeni hakucheka. Dativa akamwambia, "Si nilikwambia huyu bado mtoto?" Nimelia njia nzima mpaka nyumbani Kawajense, Neema mgongoni.

Jumatatu, 16 Juni
Nimebeba kopo mpaka dukani. Muuzaji kanipimia. La mchele, kilo. La makaroni, nusu na kidogo. Nikamwambia arudie. Karudia. Makaroni yana matundu, kopo linajaa hewa. Kumbe nilipika kama kilo tatu! Shule sikusoma sana ila hilo naliona. Labda hata Dativa hakujua. Mungu wangu, iwe hakujua.

Jumanne, 17 Juni
Alijua.
Nilienda kumrudishia kopo. Kabla sijapiga hodi namsikia jikoni anamfundisha binti yake, Shukuru. "Makaroni ni mepesi, mwanangu. Kopo la mchele jaza mara mbili ndo upate kilo." Anamwambia Jumamosi Mama Jeni anamjaribu. Nafasi ile ile.
Nikaingia. Dativa akaliona kopo. "Karibu wifi." Akageukia moto. Sikukaa. Nimeliacha kopo mlangoni. Mkono ule ule ulionishika. Namchukia. Sijawahi kumchukia mtu hivi.

Jumamosi, 21 Juni
Baridi asubuhi. Shukuru anapika leo. Elia anarudi kesho, sijui nitamwambia nini kuhusu dada yake.
Jana nilienda kwa Mama Jeni, nikamwambia nilipima makaroni kwa kopo la mchele. Akauliza, "Kopo la nani?" Nikasema la kuazima. Akaniangalia sana. Akasema wiki ijayo niende kumenya vitunguu. Kumenya tu. Nitaenda.
Maziwa ya kopo ya Neema yameisha. Kopo nimelisafisha, nimelipeleka dukani likapimwa, nimelikwaruza mistari kwa msumari. Robo ya mchele, mstari wa chini. Robo ya makaroni, karibu na mdomo. Neema kalishika, analigonga sakafuni, anacheka. Nimemwachia kwanza acheze. Hili ni la kwetu.