Sinema Alizotafsiri Baba

Buhongwa, Mwanza

Kwako kaka Muganyizi,

Shikamoo. Huku sisi wazima, Baba naye mzima ila magoti, na dawa hataki kusikia. Natumaini wewe na Winnie mnapata nguvu huko Bukoba tangu tumzike wifi Prudencia. Usinicheke kwa kuandika barua. Meseji zangu unazisoma nusu, na hii nataka uimalize, ndiyo maana nimempa jirani yetu Selina, anayekuja huko, akukabidhi mkononi.

Uliniomba nikutajie zile sinema za zamani za kutisha alizokuwa anatafsiri Baba kwenye banda la video la Mzee Mbaruku, uangalie na Winnie, kwa sababu mtoto anaogopa hata kupita karibu na chumba cha mama yake. Ulisema sisi zilitutoa woga Mama alipofariki, basi na yeye zitamsaidia. Wazo lako si baya.

Anza na ile ya mnara wa taa. Damu hakuna hata tone, ni ukungu tu, na mzee anayesikia hodi upande wa baharini, ambako hakuna mlango. Halafu ile ya kijiji kinachofunika visima jua likizama. Utatazama mfuniko tu, mfuniko tu, mpaka mwili usisimke. Za siku hizi ni makelele kama spika ya duka la simu. Hizi zinakuacha usubiri, na mimi naona kusubiri ndiko kunakotisha.

Lakini ile ya mama wa gauni jeupe anayeshuka ngazi kwenda kwa wanawe, ile unayoipenda kuliko zote, nakuomba sana usimwoneshe kabla hujamaliza kunisoma.

Niliipata mtandaoni, bado wanaongea Kitaliano chao, ila ina maandishi ya Kiingereza chini. Nikaitazama na Baba Jumapili tulipotoka misani. Unakumbuka alivyotusimulia: marehemu amerudi kuangalia kama wanawe wamejifunika vizuri, anawaita kwa majina, anawahimiza wasome. Jamani kaka, yule mama hamfuniki mtu! Amekuja kuwachukua, na yule mdogo anamchukua kweli. Nilizima nikafungua madirisha yote, mtu mzima mwenye watoto wangu.

Nikamuuliza Baba kama Kitaliano kilimpiga chenga. Akasema hakukijua hata neno moja, alifuata picha kama watafsiri wenzake wote, ila picha ile ilijieleza yenyewe. Alijua kabisa. Watu walilalamika kwamba wamelipa waogopeshwe, wanaletewa mama wa kutandika vitanda, tena mkanda unazimwa kabla haujaisha. Mzee Mbaruku akamwita pembeni akamfokea. Baba akamjibu kwamba benchi la mbele wamekaa wanawe, hana wa kumwachia nyumbani, arobaini ya mama yao haijafika, na mdomo wake hauwezi kuwaambia kwamba mama akifa anageuka adui. Akafukuzwa kazi siku ileile. Na sisi miaka yote tulidhani aliichoka! Nililia mbele yake, akaniambia nikamletee chai.

Sasa Winnie anasoma Kiingereza vizuri, hiyo ndiyo hofu yangu. Akiyaona yale maandishi, kile chumba hatakikaribia tena. Nilimwomba Baba nimkatie tiketi ya meli aje amtafsirie yeye. Amekataa katakata. Anasema hajui Prudencia alikuwa anamwitaje mwanawe akimwamsha asubuhi, wala alimwambia nini akimfunika. Wewe unajua. Kwa hiyo ondoa maandishi, zima sauti, mpakate mtoto, umsemee mama yake. Yule mama akifika kitandani na kuinama, zima hapohapo.

Msalimie sana Winnie, mwambie shangazi anamkumbuka. Baba anakusalimia, anasema usiogope kukosea maneno. Majirani wote nao wanawapa pole.

Ni mimi mdogo wako,
Kokulinda