Maneno Chini ya Picha Yako

Baba,

Mama ametoka eda Ijumaa iliyopita, na jambo la kwanza alilofanya ni kuibandika picha yako ukutani, juu ya meza yako ya kazi. Kwa hiyo nakaa chini yake kila siku nikilehemu taa za watu, na moyo hautulii. Ndiyo maana nakuandikia.

Unamkumbuka yule Mzungu mpiga picha wa gazeti, alivyoingia hapa Kibiti na kamera yake kuukuu, nzito kama jiwe la kusagia? Alikuwa na taa mpya ya kupigia picha gizani, yenye sahani ya kung'aa na globu inayowaka mara moja tu ikafa, lakini kamera haikuwa na mahali pa kuishika. Dar es Salaam walimwambia anunue kamera nyingine. Wewe uliigeuzageuza, ukasema, "Niachie siku tatu."

Ulikata mkono wa shaba, ukaufunga ubavuni kwa skrubu nne. Hilo lilikuwa jepesi. Kazi ilikuwa waya, maana globu inachelewa kidogo kushika moto, na mlango wa lenzi haumngoji mtu. Ulitia globu ya tochi kwa majaribio, ukawa unapiga tupa kile kibati kinachogusanisha waya, unachungulia kwa nyuma, unapiga tupa tena. Mimi nimekushikia betri. "Mwanga upige hodi kwanza, mwanangu, ndipo mlango ufunguke." Siku ya tatu ikakubali.

Alipouliza akupe nini, ulisema unataka picha yako ukiwa kazini, umevaa kanzu ya Ijumaa. Nilikucheka, nani analehemu na kanzu? Ukavaa hivyo hivyo. Ukainamia ile kamera, mkono wako juu ya shaba uliyoikata, naye akakupiga picha kwa kamera nyingine ndogo. Akasema ataileta.

Miezi ikapita. Kila lori la kutoka Dar es Salaam likisimama, unanyanyua kichwa. Hata homa ilipokulaza, siku ya tano uliniuliza kama lori limepita. Nikasema bado. Siku ya sita tukakuzika.

Yule Mzungu alikuja wiki tatu baadaye, akitoka Salale visiwani kuwapiga picha wakata mikoko. Nilimpokea barazani. Gazeti mkononi, anatabasamu. "Nimemletea mzee picha yake." Nilipomwambia, alivua kofia. Sisemi kwamba ni mtu mbaya. Lakini nilisoma maneno chini ya picha: "Mzee wa Rufiji akistaajabu kuiona kamera kwa mara ya kwanza."

Baba, mkono wako uko pale pale, juu ya kazi yako mwenyewe.

Nilimuuliza nani kaandika hivyo. Akasema ni watu wa ofisini, yeye hupeleka picha tu. Kisha akasema taa imeanza kuchelewa, labda ni maji chumvi ya huko visiwani. Je, yuko mtu wa kuitazama? Niliona tatizo kutoka pale nilipokaa. Kutu kwenye kile kibati. Ni kupitisha msasa tu. Nikamwambia, "Aliyekuwa akiweza amekufa." Akaondoka nayo vile vile.

Wewe ungeitengeneza, na chai ungempa. Mimi sijutii. Au najuta kidogo, sijui.

Lakini linaloniuma ni hili. Mama anasoma herufi za Kiarabu. Hizi za Kizungu hazijui. Aliweka kidole chini ya picha, akaniuliza, "Wamemwandika nini baba yako?" Nikasoma: "Fundi Mbwana wa Kibiti, aliyeifungia kamera taa yake." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Sasa kila mgeni akija huniita nimsomee, nami nasoma bila kukwama.

Juzi alikuja mwalimu wa shule kutupa pole. Mama akaniita. Nikasoma hivyo hivyo, ingawa huyu anajua kusoma. Mwalimu alilisogelea gazeti ukutani, akalisoma muda mrefu, akanitazama, kisha akamgeukia Mama. "Ndivyo walivyoandika, bibi," akasema.

Mungu akulaze pema, Baba. Nakuahidi, maadamu Mama yu hai, nitaisoma hivyo hivyo. Kusamehe sikuahidi.

Mwanao,
Zainabu