Kipande cha Msafiri

Tryavna, Bulgaria
4 Januari 2017

Mpendwa mwanangu Kamen,

Hamjambo huko Zaragoza? Mkeo Pilar ameshapona kile kikohozi? Na binti yenu Nevena, jino lake lililokuwa likining'inia limeng'oka, au bado analichezea kwa ulimi? Mimi shangazi yako ni mzima, ukiacha goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri hali ya hewa vizuri kuliko redio. Safari hii limesema kweli tupu. Theluji imefika chini ya dirisha, na njia ya kwenda bandani kwenye kuni nimeichimba mwenyewe kwa koleo.

Asante sana kwa zeituni. Zilifika siku mbili kabla ya Krismasi. Tsona alisema ataonja moja tu. Unamjua Tsona: alikagua tiketi za watu ndani ya basi miaka thelathini, lakini kinywa chake mwenyewe hajawahi kukikagua. Chupa iliisha kabla chai haijapoa.

Baba yako hajambo. Kila barua naandika sentensi hiyo moja, kisha nahamia jambo jingine, kwa sababu ndivyo ulivyoniomba. Miaka tisa nimetii. Leo sitatii. Nina jambo la kukueleza, na tangu juzi nazunguka nalo humu ndani, nikikaa nasimama, nikisimama nakaa, sijui nilianzie wapi.

Nitaanzia kwenye orodha yetu ya vitabu. Tarehe mosi, siku ya Mtakatifu Basili, tulikutana kwangu mchana: mimi, Tsona, Evdokia wa duka la dawa na Minka mshonaji. Kila mmoja alileta kikaratasi chenye jina la kitabu alichokipenda kuliko vyote mwaka uliopita. Nikavifunga kwa karatasi ya jaribosi, nikavificha chini ya vipande vya banitsa ya jibini niliyoioka, tukazungusha sinia mara tatu, kila mtu akala kipande kilichosimama mbele yake. Sheria ni zile zile ulizokua ukizisikia. Utakachokipata utakisoma, upende usipende, na kabla ya Basili mwingine utakwenda kwa aliyekiandika kwenye kikaratasi, ukae mezani kwake, umweleze ulichokiona ndani. Kwa simu haikubaliki. Mwaka ule Evdokia alipovunjika mguu akadai apige simu, tulimkalisha juu ya sleji ya mjukuu wake ya kuteleza thelujini, tukamburuta mtaa mzima hadi kwa Minka, naye akitutukana njia nzima.

Mwaka huu mimi nimepata cha Minka, riwaya ya daktari wa meno aliyehamia kisiwa kisicho na watu. Atang'oa meno ya nani huko, sijui. Evdokia amepata changu. Kina kurasa mia saba, na alinitazama kama vile nimemtilia sumu.

Sasa sikiliza. Kipande cha tano, kama unavyojua, ni cha msafiri. Hakiwekwi karatasi, maana msafiri hayupo wa kusoma. Mimi huchomeka tu kijiti chenye vichipukizi juu yake, nikakitenga pembeni, chini ya picha ya Mama wa Mungu, kikae hapo mpaka jioni. Tangu uondoke hakuna anayeuliza msafiri ni nani.

Tsona alikivizia. Nilikuwa nimegeukia jiko niongeze kuni, nikasikia yowe.

"Velika! Unataka kunimaliza meno? Nani anatia bati kwenye jibini?"

"Na wewe nani kakutuma kula cha msafiri?" Minka akamwuliza. "Huoni hata haya?"

"Msafiri mwenyewe kaja? Banitsa inapoa, jamani!"

Evdokia alimpokonya lile jaribosi, akalifungua. Ndani mlikuwa na kikaratasi chenye maneno mawili, kwa herufi kubwa zilizonyooka: MPIMA MTO. Tukatazamana. Hakuna hata mmoja wetu aliyeyaandika. Lakini mimi, Kamen, herufi hizo nazijua. Ndizo zilizochongwa juu ya mlango wa karakana ya baba yako.

Nikakumbuka. Asubuhi hiyo baba yako Gencho alipita kunitengenezea mlango wa jiko uliolegea. Banitsa ilikuwa mezani, imeshakatwa, kijiti kimeshachomekwa. Nilimwacha peke yake dakika kumi, nikaenda kwa jirani kuomba mtindi. Niliporudi alikuwa anafunga kifuko chake cha vifaa, akasema mlango uko sawa, akaondoka bila hata kuonja.

Kitabu chenyewe unakikumbuka kuliko mimi. Siku uliyoondoka ulikiweka mbele yake ukamwambia, "Soma hiki, Baba, utanielewa." Naye, mimi nikishuhudia, akafungua dirisha akakitupa kwenye theluji. Alisema yeye amekujengea meza ya pili ya kuchongea, na wewe unamlipa kwa karatasi. Wewe ukachukua begi lako. Mimi ndiye niliyekifukua. Nilikikausha kando ya jiko siku nne, kurasa zikavimba, nikakipanga kwenye rafu pamoja na vya orodha. Hatujawahi kukitaja tena. Na miaka yote hiyo yeye akitukuta tunabishana juu ya riwaya hutucheka, anasema tunasoma kama mbuzi anavyokula, chochote kilicho mbele.

Wageni walipoondoka nikaenda kwenye rafu. Cha kwako hakikuwepo. Nikachukua kilichokuwa jirani yake, nikafungua ukurasa wa mwisho, pale tunapoandika majina yetu kwa penseli tukimaliza kusoma. Mlikuwa na Velika, Tsona, Evdokia, Minka. Na chini yetu, kwenye kona kabisa, jani dogo lililochorwa, lenye mishipa mitatu.

Unalijua hilo jani. Baba yako hulichonga chini ya kila kabati na nyuma ya kila fremu inayotoka mikononi mwake. Nilichukua kitabu cha pili, likawepo. Cha tatu, likawepo. Niliviteremsha vyote sakafuni nikakaa katikati yake na goti langu bovu. Vitabu vya kabla hujaondoka havina alama. Kuanzia mwaka ulioondoka, kila kimoja, vyote thelathini na sita, vina jani. Hata kile cha mashairi ambacho Tsona alikiri hakukimaliza. Kaka yangu, ambaye nilidhani hajafungua kitabu tangu aache shule, amekuwa akisoma nyuma yetu miaka tisa, akaweka jani, akarudisha kila kitu mahali pake. Ana ufunguo wangu, na kila Alhamisi mimi niko sokoni. Nilistaajabu mpaka nikaogopa kidogo. Nilijiuliza ni mambo gani mengine yanayopita mbele ya macho yangu nisiyaone.

Na mwaka juzi nilimnunia Tsona miezi miwili nikidhani amenipotezea kitabu! Nimemwomba radhi. Amesema atanisamehe ukileta zeituni nyingine.

Jana nilikwenda karakanani. Alikuwa anapiga msasa mguu wa kiti, na hakuinua macho.

"Gencho," nikamwambia, "umesoma vitabu vyangu vyote?"

"Kumi na viwili ni vibaya," akasema. "Kile cha farasi ni kibaya mno. Mlikuwa mnafikiria nini?"

"Na Mpima Mto?"

Akaendelea na msasa. Nikakaa juu ya gogo nikasubiri. Meza yako ya kuchongea ingali palepale dirishani, imefunikwa shuka, na shuka hiyo, mwanangu, haina hata punje ya vumbi, katika chumba ambamo mimi nilipiga chafya mara tatu.

"Sheria yenu si inasema mtu aje, akae mezani?" akauliza mwishowe.

"Ndivyo inavyosema."

"Basi."

"Mwandikie mwenyewe."

"Mkono wangu umezoea patasi. Andika wewe. Na mwambie Tsona, habari zake nimezisikia, kipande kile hakikuwa chake."

Kisha akafungua droo akatoa kitabu, amekifunga kwa gazeti na uzi kama mtu anavyofunga nyama ya sikukuu. Alinikabidhi, akarudi kwenye mguu wa kiti. Nilitaka kumkumbatia, lakini unamjua, angesema nampotezea mwanga.

Leo asubuhi nilipokuwa nakitayarisha kwa posta, sikujizuia, nikafungua gazeti. Nisamehe. Kwenye ukurasa wa mwisho kuna jani. Na chini ya jani, kwa herufi zile zile, ameandika: "Nimesoma mara tatu. Ukurasa wa 114 bado siuelewi. Anayeujua aje anieleze."

Nimemjua Gencho miaka sitini na nne. Ni mtu aliyewahi kupotea porini siku nzima akakutana na wachungaji wawili, na hakumwuliza hata mmoja njia. Siku tuliyomzika mama yako hakuomba hata kitambaa. Leo ameuliza. Nililia, Kamen, nakwambia wazi, nililia juu ya gazeti lenyewe mpaka wino ukanishika mikononi.

Nimeufungua ukurasa huo. Ni pale mpima mto anapofika baharini, anamwandikia baba yake barua ndefu, kisha anaichana na kuitupa majini. Ningeweza kumweleza baba yako kwa nini aliichana. Lakini hakuniuliza mimi.

Kitabu kimo humu, pamoja na kile kikaratasi. Kikaratasi kina mafuta kidogo na alama ya jino la Tsona, lakini kinasomeka, na kwa sheria ni chako. Nevena anaweza kulala nami. Baba yako hajasema lolote juu yake, ila nimeona pembeni ya jiko la karakana kigoda kipya, kifupi mno kwa mtu mzima yeyote wa Tryavna.

Evdokia na Minka wanakusalimu sana, Tsona anasema yeye ndiye wa kushukuriwa. Mpe Pilar pole yangu kwa kikohozi, mbusu Nevena pale palipokuwa na jino. Mungu awalinde barabarani, awafungulie njia za milimani, na awafikishe nyote mkiwa wazima.

Una muda mpaka Basili ajaye. Na kumbuka, kwa simu haikubaliki.

Ni mimi shangazi yako, akupendaye siku zote,

Velika